Kalamu ya Mfungwa, Ardhi ya Mwenyeji: Utangulizi wa Kusoma Riwaya ya Uhamisho ya Australia

Riwaya ya kwanza kuchapishwa Australia iliandikwa na mfungwa. Henry Savery alikuwa mfanyabiashara wa Bristol. Alighushi hati za fedha, akahukumiwa kunyongwa mwaka 1825, kisha hukumu ikabadilishwa akapelekwa kisiwa cha Van Diemen's Land, ambacho tangu 1856 kinaitwa Tasmania. Aliteremka Hobart Desemba mwaka huohuo. Riwaya yake, Quintus Servinton, ilitoka katika mji huo kati ya 1830 na 1831 bila jina la mwandishi. Mhusika mkuu naye ni mfanyabiashara aliyeghushi, naye anaponea chupuchupu kitanzi na kuvushwa bahari. Mkewe Emily hamwachi mkono. Hatimaye msamaha unapatikana, na mume na mke wanarudi Devon kumalizia uzee wao kwa utulivu.

Maisha ya mwandishi hayakwenda hivyo. Mkewe Eliza alimfuata kweli mwaka 1828, akamkuta amezama kwenye madeni. Siku zilezile Savery alijikata koo, akaokolewa. Mwaka uliofuata Eliza alipanda meli kurudi Uingereza, na ndoa yao ikaishia hapo. Mwaka 1840 Savery alighushi tena, akapelekwa gereza la Port Arthur, akafia huko 1842.

Mtu anaweza kusoma habari hizi mbili, ya kitabuni na ya maishani, akasema tu kwamba Savery alijifariji kwa kubuni. Mhakiki hatosheki na jibu hilo. Anauliza kwa nini kitabu cha mfungwa kilihitaji kurudi nyumbani ili kikamilike. Anauliza kilikuwa kinasema na nani, maana wasomaji waliolengwa walikuwa Uingereza na si Hobart. Anauliza pia kwa nini nchi ambayo mwandishi alikuwa amesimama juu yake inaonekana katika riwaya kama mahali pa kupitia tu. Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa uwanja wa uhakiki ninaotaka kumkaribisha msomaji, na ninamkaribisha kwa moyo wote, kwa sababu riwaya hizi zimesomwa kidogo mno kwetu ilhali zinasema mengi juu ya dola ileile iliyotutawala.

Kwanza, historia kidogo. Tarehe 13 Mei 1787 meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth, na Januari 1788 zikafika mahali ambapo leo ni Sydney. Kuanzia hapo hadi 1868, Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa takriban 25,000. Wengi walikuwa wezi wa vitu vidogo, watu wa mijini waliokosa kazi. Wapo pia waliohukumiwa kwa siasa: waasi wa Ireland, na viongozi wa wafanyakazi kama William Cuffay, fundi cherehani wa London, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha St Kitts, aliyepelekwa Tasmania na kufia huko mwaka 1870.

Msomaji mpya hushangaa akiambiwa kwamba wafungwa wengi hawakukaa ndani ya kuta. Waligawiwa kwa walowezi: huyu kuchunga kondoo, yule kupika, mwingine kutumika kama karani. Aliyekuwa na tabia njema alipewa cheti cha kumruhusu kujitafutia kazi kabla muda wake haujaisha. Macquarie Harbour, Norfolk Island na Port Arthur, sehemu zilizobeba sifa mbaya zaidi, ziliwekwa hasa kwa ajili ya waliotenda kosa tena wakiwa tayari uhamishoni. Lakini ukifungua riwaya maarufu, karibu zote zinakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu hizo. Mchungaji wa kondoo aliyemaliza miaka yake saba, akaoa, akafa kitandani, hana riwaya. Riwaya ilichagua mjeledi. Uchaguzi huo umeunda picha ambayo mpaka leo watu wanaichukulia kuwa ndiyo historia yenyewe.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika kuijenga picha hiyo hakuwahi kufungwa. Marcus Clarke alizaliwa London mwaka 1846, akafika Melbourne akiwa kijana wa miaka 17, na kujipatia jina katika uandishi wa magazeti. Mapema 1870 alikwenda Tasmania kutafuta habari za wafungwa. Port Arthur ilikuwa bado haijafungwa, maana ilidumu hadi 1877, na waliobaki humo walikuwa wazee na wagonjwa wa akili. Mwezi Machi mwaka uleule hadithi yake ilianza kutoka kwa mfululizo katika Australian Journal, ikaendelea hadi 1872. Mwaka 1874 ilitoka kama kitabu, His Natural Life, na baada ya kifo chake ikazoeleka kwa jina refu zaidi, For the Term of His Natural Life.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hakuna mfano bora wa kumfundishia mtu kazi ya uhakiki. Richard Devine ni kijana wa tabaka la juu anayegundua kwamba baba aliyemlea si baba yake wa damu. Ili kulinda jina la mama yake, anakubali kuondoka nyumbani. Usiku huohuo anaukuta mwili wa mtu aliyeshambuliwa nyikani, anakamatwa, anataja jina la uongo, Rufus Dawes, na hasemi neno la kujitetea, kwa kuwa kujitetea ni kumwanika mama. Anahukumiwa maisha. Kuanzia hapo anapitia kila shimo ambalo mfumo ule ulikuwa nalo: tumbo la meli, Macquarie Harbour, Port Arthur, Norfolk Island. Kila anapotenda wema, wema wake unahesabiwa kwa mtu mwingine.

Sasa, hadithi ya gazetini na ile ya kitabuni haziishii mahali pamoja. Katika mfululizo, Dawes anaokoka tufani ya baharini pamoja na mtoto wa Sylvia, mwanamke aliyempenda. Anamlea mtoto huyo, anafika kwenye machimbo ya dhahabu ya Victoria, na mwishowe anarudishiwa jina na heshima yake. Alipokiandaa kitabu, Clarke alikata yote hayo. Dawes na Sylvia wanazama pamoja, na riwaya imekwisha. Hakuna kurudi, hakuna jina, wala hakuna mtoto wa kurithi.

Wapo wanaoona kwamba mwandishi alikata kwa sababu za kisanaa tu, kwani mfululizo ulikuwa mrefu kupita kiasi. Urefu ulikuwa tatizo kweli. Hata hivyo, ninavyosoma mimi, kisu kilikata zaidi ya kurasa. Mwisho wa kwanza unasema mtu anaweza kuutoka uhamisho na kuianza nchi mpya: Dawes anakuwa mlezi, mtu wa machimbo, raia kwa maana fulani. Mwisho wa pili unamfunga ndani ya adhabu yake milele. Kwa watu wa Melbourne wa miaka ya 1870, mwisho huu wa pili ulikuwa na faida yake. Tasmania ilikuwa imeacha kupokea wafungwa tangu 1853, walowezi walikuwa wanaona haya juu ya asili ya koloni zao, na mfungwa aliyekufa baharini hana wajukuu wa kumwaibisha mtu yeyote. Wanahistoria wameieleza sana aibu hiyo, jinsi familia zilivyoficha babu na bibi zao kwa vizazi. Riwaya ya Clarke iliwapa watu nafasi ya kumlilia mfungwa pasipo kumtambua kuwa ni jamaa yao.

Ndipo tunafika kwenye suala ambalo kwangu ndilo kiini cha uwanja huu wote, nalo ni mfungwa asiye na hatia. Dawes hana hatia. Maida Gwynnham, mhusika mkuu wa The Broad Arrow ya Caroline Leakey, iliyotoka 1859 kwa jina la kubuni, ni mwanamke aliyedanganywa na mpenzi wake na kubeba lawama zisizo zake. Leakey aliishi Hobart kati ya 1848 na 1853, akawaona wanawake waliotumikishwa majumbani, na jina la kitabu chake linatokana na alama ya mshale iliyogongwa kwenye mali ya serikali, zikiwemo nguo za wafungwa. Ni kitabu kinachostahili kusomwa zaidi ya kinavyosomwa sasa, maana kinaonyesha uhamisho ukiwa jikoni na chumbani, ambako bwana na bibi wa nyumba ndio askari jela. Lakini Leakey naye, kama Clarke, alimchagua mtu wa heshima aliyeangukiwa na dhuluma.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la haraka ni kwamba msomaji humhurumia asiye na hatia kwa urahisi. Jibu lililo zito zaidi ni kwamba kutokuwa na hatia kunaiokoa sheria. Ikiwa ubaya uko katika kumfunga mtu asiyestahili, basi mfumo haukukosea kwa wanaostahili, na mijeledi iliyompata mwizi wa kweli wa leso haituhusu. Clarke alikuwa mwandishi mkubwa kiasi cha kuuona mtego huo, kwa hiyo kando ya Dawes akaweka watu walioharibiwa na adhabu wakawa wa kutisha kuliko makosa yao ya mwanzo. Akaweka pia watoto: kwenye gereza la wavulana la Point Puer, ng'ambo ya Port Arthur, vijana wawili wadogo wanashikana mikono na kujitupa baharini. Yeyote anayesoma ukurasa ule hawezi kuuliza tena nani alistahili nini. Ni ukurasa wa riwaya, wala si kumbukumbu ya ofisini, na msomaji afahamu tofauti hiyo. Lakini gereza la wavulana lilikuwepo kweli, tangu 1834 hadi 1849.

Linganisha na Ralph Rashleigh, muswada unaoaminiwa kuwa wa James Tucker, mfungwa aliyeuandika miaka ya 1840 akiwa bado anatumikia kifungo. Ulikaa gizani karibu karne nzima, ukatolewa kwa kufupishwa mwaka 1929, na ukachapishwa kamili 1952. Rashleigh ni mwizi kweli. Hajitetei kwa jina la mama wala la mpenzi. Simulizi yake ina vumbi, njaa, mabwana wakatili na miaka ya kuishi miongoni mwa wenyeji, na haimwombi msomaji machozi. Sisemi kwamba aliyefungwa husema kweli na ambaye hakufungwa hudanganya. Savery alifungwa na bado alitunga faraja. Nasema kwamba jambo la kwanza la kuuliza juu ya riwaya hizi ni nani ameishika kalamu, na jambo la pili ni anamwomba nani nini.

Suala la kurudi halikuwahusu waandishi wa koloni pekee. Charles Dickens alipoandika Great Expectations, mwaka 1860 na 1861, alimweka ndani yake Magwitch, mfungwa aliyepelekwa New South Wales, akatajirika kwa ufugaji wa kondoo, na kutuma fedha London kwa siri ili kijana Pip akuzwe kama muungwana. Fedha za Magwitch zinavuka bahari bila shida. Magwitch mwenyewe akivuka, adhabu yake ni kifo, kwa sheria ya wakati ambao hadithi inawekwa. Edward Said, katika utangulizi wa Culture and Imperialism wa mwaka 1993, alimtumia mhusika huyu kuonyesha jinsi dola ilivyolipanga jambo hilo: mfungwa anaruhusiwa kufanikiwa, mradi abaki huko huko. Tangu hapo ni vigumu kuisoma riwaya ya Dickens bila kuiona Australia imesimama nyuma ya kila karamu ya Pip.

Mwaka 1997 Peter Carey alijibu kwa riwaya. Katika Jack Maggs, mfungwa anarudi London na kukutana na mwandishi kijana, Tobias Oates, anayemlaza kwa nguvu za akili na kumchota siri zake ili azitungie kitabu. Sijaona mahali pengine ambapo swali la kalamu limewekwa wazi namna hii: mfungwa anaibiwa simulizi yake, na mwizi safari hii ni mwandishi. Carey anampa Maggs kile ambacho Clarke alikikata, yaani maisha baada ya uhamisho. Maggs anarudi Australia kwa wanawe, akiwa ametambua kuwa kwake ni kule. Richard Flanagan naye, mwaka 2001, katika Gould's Book of Fish, alimchukua mfungwa wa kweli, William Buelow Gould, aliyechora samaki huko Macquarie Harbour, akamfanya msimulizi anayeandika kwa wino wowote anaoweza kuupata. Uhakiki wa awali, ambao Laurie Hergenhan aliukusanya vizuri katika Unnatural Lives ya mwaka 1983, ulikuwa umeandaa njia kwa wote hawa, kwa kuonyesha kwamba riwaya ya wafungwa ni mapokeo yenye mazungumzo ndani yake, kila mwandishi akimjibu aliyemtangulia.

Lakini kuna mtu ambaye mazungumzo hayo yalimwacha nje kwa muda mrefu, na uhakiki wa leo hauwezi kumwacha. Nchi iliyokuwa uhamisho kwa Savery ilikuwa nyumbani kwa watu wengine. Musquito, Mwaborijini wa upande wa Sydney, alikamatwa na kupelekwa Norfolk Island mwaka 1805, kisha Van Diemen's Land mwaka 1813, na kunyongwa Hobart mwaka 1825. Mji huo ndio uleule, na mwaka ndio uleule, alipoteremka Savery. Mmoja alihamishwa kutoka Uingereza kuja huku, mwingine alihamishwa kutoka nchi ya wazee wake, na ni mmoja tu aliyepata riwaya ya kusimulia uchungu wake. Baada ya vita vya miaka ya 1820 na mwanzo wa 1830, Waaborijini wa Tasmania waliosalia walikusanywa na kupelekwa Wybalenna, kwenye kisiwa cha Flinders. Walipohamishwa tena mwaka 1847 walikuwa hawafiki 50. Mengi ya haya yalitokea wakati ambao riwaya ya Clarke inausimulia, lakini ukiisoma ukiwatafuta watu hawa hutawapata kama wahusika.

Kate Grenville alijaribu kulikabili pengo hili katika The Secret River ya mwaka 2005. William Thornhill, mwendesha mashua wa mto Thames, anahukumiwa mwaka 1806 kwa wizi wa mbao. Anapelekwa Sydney, anapata uhuru, na kujichukulia kipande cha ardhi kando ya mto Hawkesbury. Kwa mara ya kwanza maishani ana kitu chake, na kitu hicho ni cha wengine. Riwaya inaelekea kwenye mauaji ya halaiki, na Thornhill yumo. Kilichonigusa ni kwamba umaskini wake wa London unaelezwa kwa huruma kamili, kisha huruma hiyohiyo inatufikisha mahali ambapo hatuwezi kumtetea. Wanahistoria, Inga Clendinnen akiwa mmojawapo, walimkosoa Grenville vikali, wakisema mwandishi wa riwaya hawezi kujipa mamlaka ya kuelewa akili za watu wa wakati ule kwa kujiweka mahali pao. Ubishi huo ni mlango mzuri kwa mwanafunzi anayetaka kujua mpaka kati ya historia na ubunifu uko wapi. Mimi naona hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya kitabu hicho ni nyingine: wenyeji wanaonekana ndani yake kwa macho ya Thornhill tu. Kwa sauti yao wenyewe inabidi kwenda kwa waandishi kama Kim Scott, Mnoongar wa Australia Magharibi, katika Benang ya mwaka 1999 na That Deadman Dance ya mwaka 2010.

Msomaji wa Afrika Mashariki hafiki mikono mitupu kwenye uwanja huu. Dola iliyowavusha bahari akina Savery ndiyo iliyowapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro visiwani Shelisheli mwaka 1899. Mwanga alifia huko, na Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akafa kabla ya kufika kwake. Na Kiswahili kina fasihi yake ya gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa karatasi aliyoiita Kenya: Twendapi?, akaandika kwa siri jela mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Yeye hakuwa na haja ya kudai kwamba hakuandika. Kwa maana hiyo yuko karibu zaidi na John Boyle O'Reilly, Mwairishi aliyepelekwa Australia Magharibi kwa siasa zake, akatoroka mwaka 1869 na baadaye kuandika riwaya Moondyne, kuliko alivyo karibu na Rufus Dawes. Mfungwa wa siasa huikubali hati ya mashtaka na kuishtaki mahakama. Mwanafunzi atakayeziweka fasihi hizi mbili mezani pamoja, akizitofautisha kwa makini bila kulazimisha zifanane, atakuwa na kazi ya miaka.

Kwa anayetaka kuanza, ningeshauri Great Expectations kwanza, na mara moja baada yake Jack Maggs. Kisha His Natural Life, lakini angalia utangulizi wa nakala uliyoishika: zipo zinazotoa kitabu cha 1874 na zipo zinazotoa mfululizo kamili, na usiandike neno juu ya mwisho wake kabla hujajua unasoma upi. The Broad Arrow ifuate, ili sura ya mwanamke mfungwa isije ikachelewa. Halafu soma The Secret River na That Deadman Dance kwa wiki moja, ukianza na yoyote kati ya hizo mbili.